Jina la Ubatizo

Wakili alisoma mara mbili barua ya Nsimire ya kuomba stage, mafunzo ya kazi ya uwakili, huku akichokoa ukucha wa kidole gumba kwa kisu cha kufungulia bahasha.

"Papa yako anatumika wapi?"

"Iko mwalimu kule Walungu, Maître."

Mbona hakuulizia masomo hata kidogo? Na wote waliosoma sheria pamoja na Nsimire, wakili huyu alikuwa amewakataa.

"Utaanza lundi asubuhi," alisema akitabasamu. "Karibu, Bibiane."

Nsimire akashukuru. Alipofika mlangoni, akasimama, kitasa mkononi. Tangu serikali ipige marufuku majina ya ubatizo, hilo lake la Bibiane alikuwa ameliandika mara moja tu: chini ya barua aliyomtumia kaka yake Ubelgiji mwezi uliopita.

Nyuma yake, kisu kilichana bahasha nyingine.