Mwana wa Malkia Asife

Kwa mara ya tatu alasiri ile, Nalongo alisimama kwenye benchi la mbele akauambia mzimu uliokuwa kwenye skrini uache upuuzi.

"Umekufa, kaa hukohuko! Umerudi kuvunja vikombe tu? Mbona huulizi kama ndugu zako wamekula?"

Banda zima la video likaangua kicheko. Hata Lubowa, mtafsiri, aliyeketi kando na kipaza sauti akigeuza maneno ya kigeni kuwa Kiganda, alicheka kidogo kabla hajaendelea. Watazamaji wa mtaa wa Nyendo ni wabishi, na kwao filamu isiyozomewa ni filamu iliyolala. Lakini hakuna aliyemshinda mama huyu wa mapacha kwa ubishi. Filamu za kutisha alizidharau. Damu nyingi vile, alisema, ni ya kuchekeshea watoto. Za majoka na wachawi alizipenda, ila kwa sharti.

"Mkinifufulia mtu tu, naondoka. Mtu kachomwa mkuki, ananyunyiziwa maji ya kisima, huyo anapiga chafya! Wanaotunga haya hawajawahi kuzika."

Hata hivyo, kwa majuma sita hakukosa hata sehemu moja ya tamthilia ya Malkia wa Milima Saba, ambaye mwanawe mdogo alilishwa sumu na kila siku alizidi kudhoofu. Sehemu ya mwisho ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa asubuhi, mabenchi yakiwa matupu, mume wa Nalongo alimfuata Lubowa bandani. Ssalongo ni fundi wa baiskeli, mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hata salamu aliikatiza.

"Umeshaiona ya mwisho?"

"Nimeiona."

"Yule mtoto anapona?"

Lubowa akajikuna kichwa. "Anafariki, Ssalongo. Mikononi mwa mama yake."

"Basi usimuue. Nakuomba, ndugu yangu." Na baba huyo wa mapacha, ambaye harusini watu humpisha kiti, akapiga magoti kwenye vumbi.

Lubowa alimwinua haraka kwa aibu. Habari alikuwa nayo, kama Nyendo nzima. Kato, mdogo wa mapacha wao wawili, homa ilimchukua kwa siku mbili. Kwa Waganda pacha hafi, huruka, na aliyeruka haombolezwi. Siku ile shangazi mkubwa wa ukoo alisimama mlangoni akaonya kwamba likidondoka chozi moja tu la mama, Wasswa aliyebaki atamfuata mwenzake. Nalongo akatii.

"Hajalia hata tone," Ssalongo alisema. "Kajikaza kuliko mimi. Mimi nimelia chooni kama mwizi. Lakini chakula hali, Lubowa! Vijiko viwili vya matoke, basi. Nguo zinamdondoka. Usiku na mchana anachouliza ni huyo mtoto wenu tu: mwisho wake lini, mwisho wake lini? Akimwona anakufa, nitampoteza na yeye. Nitabaki na nani mimi?"

"Lakini picha wataiona, kaka."

"Picha inasema nini bila wewe? Mdomo ni wako. Sema amepona."

Lubowa alikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi ile, na wafu wa filamu hakuwahi kuwafufua. Akampangusa yule mwanamume vumbi magotini. Akakubali.

Jumamosi Nalongo alifika kabla ya wote. Alikuwa amemwacha Wasswa kwa jirani. Kiuno alikuwa amekifunga kitambaa, akakikaza, kama mtu mwenye safari ndefu. Aliketi mahali pake pa siku zote, na siku hiyo hakumzomea mtu.

Saa ikawadia. Kwenye skrini mkono wa mtoto ulianguka kando ya kitanda. Malkia akajitupa juu yake, kinywa wazi. Nalongo akainama mbele, leso mkononi, na mabega yakaanza kumtikisika.

Lubowa akakivamia kipaza sauti.

"Anapumua! Jamani, mtoto anapumua! Mama analia kwa furaha! Mtoto anasema, mama, nina njaa!"

Walipombeba mtoto kwenye machela, Lubowa alisema wanampeleka kuota jua. Walipowasha moto mkubwa, alisema ni wa kuchomea ng'ombe wa sherehe. Watu wawili watatu walipiga kelele kwamba leo mtafsiri kalewa, lakini wengine walikwisha simama wakirusha kofia juu na kukumbatiana. Mlangoni Ssalongo alijifuta macho, akainua mkono wa shukrani, kisha akakimbilia buchani kununua nyama.

Banda lilipotulia, Nalongo peke yake ndiye aliyebaki. Leso aliikunja vizuri mapajani, kavu.

"Amepona kweli?" aliuliza.

"Kweli, Nalongo."

"Usinifiche."

"Amepona kabisa!" Lubowa alitabasamu, moyo umemjaa. "Nenda nyumbani sasa ukale, mama yangu."

Alijiinua polepole kwa kulishika benchi la mbele yake, akasimama akiitazama skrini iliyozimwa.

"Majuma sita nimemngoja afe," alisema. "Humu tu ndimo ningeweza kulia, Lubowa, na hakuna ambaye angejua ninamlilia nani."