Swali la Kumi na Moja

Pini ya ubao wa matangazo ilikuwa ndani ya kiatu cha kushoto, chini ya kidole gumba, ncha ikitazama juu. Mtandaoni wanasema maumivu kidogo, yakija kwa wakati wake, huichanganya mashine ya kupima uongo. Marisela Ozuna aliingia kituo cha polisi akitembea kwa kisigino, na aliyemwona angedhani viatu ni vipya.

Sajini Gordon Pruett hakumtazama miguu. Alimfunga mpira wa presha mkono wa kulia, vibati vya kupima jasho kwenye vidole vya mkono huohuo, mirija miwili ya kupima pumzi kifuani na tumboni. Alikaza kila kitu kupita kiasi. Mji mzima wa Harlan Ferry hakuna mwombaji kazi aliyetoka chumba kile bila kudhalilishwa, na mwenyewe alijivunia hilo.

"Miaka tisa unafungasha tufaha ghalani," alisema. "Leo ndiyo umekumbuka unataka uaskari?"

"Leo ndiyo nimepata nafasi, afande."

"Nafasi ni hii moja. Ukifeli hapa, jina lako linazunguka vituo vyote vya jimbo. Hutapata hata kazi ya kulinda maegesho. Halafu fomu yako hii, saizi ya sare hukujaza."

"Nitajaza nikifaulu. Ile kamera inarekodi?"

"Inarekodi, na humu ndani haina swichi. Kila neno linaenda moja kwa moja ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, na halifutiki. Kwa hiyo usije ukaniletea machozi ya uongo."

"Vizuri," akasema Marisela.

Pruett hakulipenda lile "vizuri". Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akakipigia mstari.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ofisa Lyle Kessinger, anayefundisha askari wapya, na kikombe cha kahawa mkononi.

"Usimle mbichi, Gordon," alicheka. "Tunahitaji mtu wa kuongea Kihispania na hawa wa mashambani."

Akamwekea Marisela kahawa mezani, akamkonyeza, akaenda zake. Marisela aliisukuma mbali kwa mkono uliokuwa huru.

Maswali yakaanza. Jina lako ni Marisela? Ndiyo. Umewahi kuuza dawa za kulevya? Hapana. Umewahi kumwibia mwajiri wako?

"Tufaha."

"Nimesema ndiyo au hapana!"

"Ndiyo, basi. Lakini tufaha tu."

Mistari kwenye kioo cha kompyuta ilitambaa taratibu. Pruett alianza kukasirika, maana mtu asiye na la kuficha humharibia siku.

"Swali la kumi na moja. Kuna uhalifu mkubwa unaoujua, ambao haumo kwenye kumbukumbu za polisi?"

"Hapana."

Mistari yote iliruka juu kwa pamoja. Pruett akasubiri, akauliza tena neno kwa neno. Ikaruka tena. Sasa alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nimekunasa, mama. Unamficha nani? Mumeo?"

"Sina mume."

"Kaka yako, basi. Nyie kila mmoja ana kaka mhalifu."

"Kaka yangu amekufa."

"Kwa nini? Alizidisha dozi?"

Wakati huo Marisela alimchukia waziwazi, na Pruett akaiona chuki ile akaifurahia.

"Afande, naogopa kusema."

"Ogopa, lakini utasema!" Pruett alipiga meza, kahawa ikamwagika kidogo. "Nakuamuru, mbele ya kamera ile. Taja uhalifu wenyewe, tarehe, na jina la mhusika. Kwa sauti! Hatutoki humu mpaka nisikie yote."

Marisela akageuka, akaitazama kamera.

"Tarehe kumi na tisa Novemba, zamu ya asubuhi ikiingia, nyuma ya ghala la tufaha. Kaka yangu, Efraín Tovar, wa mama mmoja nami, alikuwa amepiga magoti, mikono kisogoni. Askari alimpiga kwa tochi mpaka akaanguka, kisha akamsukumia mferejini. Nilikuwa dirishani, nikaona kwa macho yangu. Karatasi zenu zinasema alilewa akateleza. Mara tatu nimekuja hapo mapokezi kuandikisha nilichokiona. Mara tatu mmenifukuza, hamkuandika hata mstari."

Pruett alikuwa ameshasimama. "Ngoja. Ngoja kwanza, hilo si..." Macho yake yalitafuta swichi ukutani, akakumbuka kwamba haipo.

"Ulitaka na jina," alisema Marisela. Akakivuta kile kikombe cha kahawa hadi katikati ya meza, kamera ikione vizuri. "Ni huyu aliyeniletea hiki. Lyle Kessinger."

Kisha akainama akavua kiatu cha kushoto. Soksi ilikuwa imelowa damu. Akaichomoa pini, akaiweka juu ya fomu, kwenye ile nafasi tupu ya saizi ya sare.

"Mashine yako ni nzima, afande," alisema. "Swali la kumi na moja niliikanyaga pini makusudi, ili unilazimishe kusema."