Magoti ya Winga

Eugenia alilishika goti la kulia la Chenge, akalikunja, akalikunjua, akatega sikio karibu yake kama anayesikiliza redio mbovu. Halikulia. Akahamia la kushoto. Watu waliokuja kutazama mazoezi uwanjani Nansio walicheka hadi wakashikana mabega.

"Dada, umeshanunua ng'ombe wangapi?" Chenge aliuliza, naye amekaa kwenye benchi amenyoosha mguu.

"Ng'ombe angekuwa ameshatulia," Eugenia alijibu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kuitwa dada badala ya mama kulimpendeza.

Lakini hakuwa na mzaha. Eugenia alikuwa msajili wa Miamba, klabu ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Mwanza, na msimu uliopita alikuwa amejitia aibu. Alimleta winga mwenye jina kubwa, miaka thelathini na minne, mkataba wa miaka miwili. Goti la bwana yule lilikufa mwezi wa pili tu. Muda wote uliobaki alikula mshahara benchini, mfuko wa barafu mguuni. Mwenyekiti wa klabu, Amirali, muuza nyavu ambaye hajui kupandisha sauti, alimwita ofisini akamwambia kwa upole, "Mama, ukiniletea mzee mwingine, na wewe utafute kazi nyingine."

Basi leo ndiyo siku ya mwisho ya usajili, na Eugenia amevuka ziwa kumfuata winga huru ambaye hana klabu wala wakala.

Wengine huwapima mawinga kwa pointi. Eugenia aliuona huo ni uvivu wa macho. Pointi kila mtu anaziona, ndiyo maana bei yake iko juu. Yeye alitazama winga anafanya nini mpira ukiwa kwa mwenzake, anasimama kona ipi, na kama anaweza kumkaba mrefu na mfupi bila kuomba msaada. Akisharidhika na hayo, anauliza umri. Winga ni miguu, na miguu ina tarehe yake.

Asubuhi hiyo Chenge alimkosha kabisa. Hakukimbia bure, hakuruka bure. Vijana wenzake walihangaika uwanja mzima, kumbe yeye ameshafika pale mpira utakapokuja, na mpira ukaja. Alirusha mara sita kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, zikaingia tano. Alimkaba kijana aliyemzidi urefu kwa kumzibia njia tu, mpaka mwenzake akachoka na kutoa pasi mbovu. Eugenia aliandika kwenye daftari: *Akili ya mtu mzima, mwili wa kijana. Huyu asituponyoke.*

"Una miaka mingapi?" akamwuliza, sasa magoti yakiwa yamefaulu.

"Cheti hicho hapo, dada."

Cheti cha kuzaliwa kilisema ishirini na sita. Kilikuwa kipya, kimetolewa mwaka jana, lakini hilo halikumshtua. Nusu ya watu anaowafahamu walikata vyeti ukubwani, siku walipovihitaji. Akamtazama Chenge usoni. Kichwa kimenyolewa, kidevu kimenyolewa, ngozi laini, hata kunyanzi moja hakuna.

"Na mbona Mwanza hatujawahi kukuona?"

"Nilikuwa na mambo mengi."

"Kijana wa miaka ishirini na sita ana mambo gani mengi?"

Chenge alicheka kicheko kirefu. "Maisha, dada. Maisha tu."

Simu ililia. Alikuwa Amirali. Alikuwa amesikia kwamba klabu moja ya Mkolani nayo inamtaka Chenge, na mtu wao ameshapanda meli.

"Basi tusimpe nafasi," Eugenia alisema. "Tumpe miaka minne."

"Minne? Mama, umri wake una uhakika nao?"

"Magoti yake nimeyashika kwa mikono yangu hii."

Amirali akasema sawa, ila kazi ya Eugenia ndiyo dhamana. Eugenia akakubali bila kumeza mate. Chenge alisaini palepale benchini, mkataba ukapigwa picha ukatumwa, na kabla ya saa saba mchana jibu likarudi kwamba ligi imeshampitisha. Hakuna wa kumtoa tena, si Mkolani wala Miamba wenyewe.

Eugenia alifurahi hadi akaimba. Alinunua samaki wa kukaanga na ndizi, akamlazimisha Chenge ale mara mbili, akampigia mama yake Bukoba kumweleza kwamba mtoto wake hafukuzwi kazi. Wakashuka bandarini pamoja, yeye amebeba begi la mchezaji wake mwenyewe. Hakutaka magoti yale yabebe hata kilo.

Meli ya kutoka Mwanza ilikuwa inashusha abiria. Mwanamume mmoja mwenye kipara na ndevu nyeupe alimwona Chenge, akatua mizigo yake, akaja mbio na kuinamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, kaka Chenge. Wewe huzeeki? Sisi tuliokuwa tunakuchotea maji kule bwenini tumeshaota mvi."

"Marahaba, mdogo wangu," Chenge alijibu kwa mazoea, akimpigapiga mzee yule begani.