Tui la Boksi

Siku ya hitima, bega la Bi Somoe lilikataa. Alikuna nazi kumi kati ya arobaini, mkono ukaganda juu ya mbuzi. Mishi, mke wa mwanawe, akaenda dukani, akarudi na maboksi ya tui na pakiti za bizari, akavimimina sufuriani mbele yake.

"Watajua," alisema Bi Somoe.

"Wajue, mama. Kwani bega ni lao?"

 Miaka thelathini na mbili Bi Somoe alikuwa amepikia misiba na harusi za mji huo, na kila mara wanaume wa barazani walirudisha neno jikoni: mara tui jepesi, mara nazi imekunwa hadi kwenye kifuu, mara chumvi. Aliyakumbuka yote, pamoja na majina ya waliosema.

Sinia zilitoka. Akakaa kusubiri neno lake.

Lililetwa na Kombo, ndugu wa marehemu mumewe, akipenyeza sinia tupu chini ya pazia. "Shemeji, leo umejipita. Huu ndio mchuzi. Tuongezee."

Mishi akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Bi Somoe hakucheka. Alivuta sahani, akajipakulia wali na mchuzi ungali unatoa mvuke, yeye aliyezoea kula ukoko baada ya wote kushiba. Akanyoosha miguu.

"Shemeji? Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Bi Somoe, akatia tonge mdomoni.