Damu ya Kwao

Begi lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, na aliyelifunga hakuwa mwenye nguo zilizomo. Bibi alilisimamisha nyuma ya mlango, akamgeukia mke wa mwanawe.

"Leo mashine itasema ubovu huu umetoka wapi. Ukiwa wa kwenu, urudi nao kwenu."

Kipimo cha kwanza kilishaonyesha kuwa Chiriku, binti wa nyumba hiyo, alizaliwa na kasoro ya moyo. Sasa daktari alitaka picha za MRI, aone kasoro imekaaje. Bibi alitaka kuona imetoka upande gani. Mashine kubwa namna ile, aliamini, haishindwi na jambo dogo kama hilo.

Mama Chiriku alikwisha kulitazama begi: halikuwa na hata nguo moja ya mtoto.

Hospitalini, chumba cha mashine kilikuwa ghorofani. Baba Chiriku alisimama kila kona ya ngazi, akainama kufunga kamba za viatu.

"Ndivyo alivyo tangu utotoni," Bibi alisema kwa fahari. "Hapendi kamba ilegee."

Mpigapicha wa hospitali alieleza kazi yenyewe: unalala ndani ya bomba, hutikisiki, ukiambiwa zuia pumzi unazuia. Chiriku, ambaye hata usingizini huongea, akagoma. Kwa watoto waoga mpigapicha alikuwa na dawa yake: mzazi hutangulia, mtoto akitazama kupitia kioo.

Mama akasimama. Bibi akamvuta gauni, akamketisha.

"Aende mwanangu. Mtoto aone moyo mzima unavyofanya kazi."

Baba akavua saa, mkanda na viatu, akapewa ndala, akaingia. Mashine ikagonga kama mafundi bati waliogombana. Kila alipoambiwa azuie pumzi, aliiachia kabla ya ruhusa.

"Baba hawezi!" Chiriku akacheka, woga umemwisha. "Sasa mimi!"

Daktari wa moyo alipowaita wakubwa mbele ya kompyuta, Chiriku alibaki nje na muuguzi.

"Niseme mbele ya wote?" daktari alimuuliza baba.

"Sema tu, daktari. Mama yangu ndiye mwenye kesi."

Daktari akaonyesha kwa kalamu. "Vyumba vya chini vya moyo huu vimebadilishana nafasi. Hapa ukutani pana tundu. Mtu huzaliwa hivi. Moyo wenyewe umejitahidi sana, lakini umeanza kuchoka."

Bibi akapiga makofi. "Si nilisema! Hiyo ni damu ya kwao. Kwetu moyo wa hivyo hatuna. Mama Chiriku, begi unajua lilipo."

Mama Chiriku alishika ukingo wa meza. Alijiona ameshampoteza mwanawe.

"Mama," daktari akamwambia Bibi, "mtoto bado hajaingia kwenye mashine."

Baba Chiriku akainama haraka kufunga kamba za viatu. Miguuni alikuwa bado na ndala.