Abiria wa Kiti cha Mbele

Shanta la Glenys lilikuwa jipya mno. Merv aliliona mara tu alipolipakia nyuma ya gari: halina doa, zipu zake bado zinang'aa. Na mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, katikati ya vijana wa Ulaya ambao hawajachana nywele tangu watoke kwao.

Ndiye huyu, Merv akajisemea.

Leanne, bosi wake, alikuwa amempigia simu. Alisema safari hii kutakuwa na mtu wake miongoni mwa abiria, na mtu huyo akirudi ndipo itaamuliwa kama Merv ataendelea na kazi au atakwenda nyumbani kumwagilia maua. Hakumtaja jina. Merv alikuwa na miaka sabini na moja. Nyumbani hakukuwa na maua, wala mtu.

"Dada, njoo ukae mbele na mimi," alimwambia Glenys. "Huko nyuma kunanuka soksi."

Wakaondoka Noosa, mji wa pwani ya mashariki ya Australia, wakaambaa na pwani kuelekea kaskazini. Merv alitangulia, na magari mawili yakamfuata, vijana wakiyaendesha kwa zamu. Ndivyo safari hizi zilivyo: wageni wanaendesha wenyewe juu ya mchanga, na kiongozi anawachunga kwa redio.

"Gari la mwisho, huo ni ufukwe, si kitanda," Merv alisema redioni. "Fuateni alama za magurudumu yangu."

"Tunatazama nyangumi, mzee," akajibu Rasmus, kijana wa Kidenmaki.

"Na wao wanakutazama wewe. Wanangoja ukwame wapate kucheka."

Glenys alicheka kidogo, kisha akauliza kwa nini walikuwa wameuacha mchanga mweupe wakafuata ule wa kijivu. Swali hilo Merv alikuwa ameulizwa na madereva wa pwani yote, na hakuwahi kulijibu. Hata vijana ambao Leanne aliwahi kumletea wajifunze kazi, aliwaketisha kiti cha nyuma na kuwapigia hadithi mpaka wakachoka, wakaondoka wakijua utani wake tu. Siku nikitoa siri zangu, alizoea kusema, nitabaki nimeshika nini?

Lakini huyu hakuwa mwanafunzi. Huyu alikuwa ameshika kazi ya Merv mkononi.

Basi akamjibu. Akamweleza rangi za mchanga, upi unabeba gari na upi unalimeza. Walipovuka kwa pantoni na kushuka kisiwa cha K'gari, alimwonyesha kiasi gani cha upepo cha kutoa kwenye matairi, na jinsi ya kulisikiliza tairi likitosheka. Vijana walikimbilia kwenye ziwa la kisiwani wakipiga picha. Glenys hakupiga hata moja. Alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, anasikiliza.

Gari la Rasmus lilipokwama, Glenys ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sepetu. Merv alivutiwa. Wakaguzi wa siku hizi hawaogopi kuchafuka.

Jioni kambini aliwaonya wote kwamba dingo, mbwa mwitu wa huko, hachagui, kila kinachonuka kifungiwe garini. Rasmus akaacha viatu nje ya hema. Asubuhi alikuwa na kimoja.

"Usihuzunike," Merv alimwambia. "Atakirudisha akishakinusa vizuri."

Vijana walicheka hadi chai ikawamwagikia. Merv akamtupia jicho Glenys, kuona kama na hilo limehesabiwa. Glenys alikuwa akimtazama kwa namna ya huruma.

"Merv," alisema walipokuwa wakikunja mahema, "si lazima unionyeshe kila kitu."

"Nataka uone kazi inavyofanywa."

"Nimeshaona. Kilichobaki kiache kiwe chako."

Merv alidhani anapimwa moyo. Ndiyo maana, walipofika kwenye miamba, mahali ambapo madereva wengine hugeuza na kuzunguka msituni nusu siku, alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Alimshika Glenys mkono, akampeleka chini majini, akamwonyesha jiwe jeusi lenye mgongo kama wa ng'ombe. Wimbi likilowesha mgongo, unangoja. Likiishia tumboni, unawasha gari na huangalii nyuma.

Kisha akampa usukani.

Glenys alisita. Akalitazama jiwe, akangoja wimbi, akapita. Alipita vizuri hata Merv akasahau kushika mpini wa mlango. Redioni vijana walishangilia, na Rasmus akauliza kama mzee amekubali kustaafu.

"Nitastaafu siku kiatu chako kitakaporudi," Merv akajibu.

Waliporudi, Leanne alikuwa akiwangoja kwenye yadi ya magari. Vijana walibeba mashanta yao, wakamkumbatia mzee mmoja mmoja, wakaenda zao. Merv alijifuta mchanga usoni, akanyoosha mgongo, akamkonyeza Glenys. Glenys alikuwa anatazama chini.

"Haya," Leanne alimwuliza Glenys. "Amekuonyesha jiwe?"

"Amenionyesha."

"Ukaweza kupita?"

"Nimepita."

Leanne alimgeukia Merv kama mtu aliyesikia habari ambayo hakuitaka.

"Merv," alisema mwishowe, "mimi niliwaapia wenye kampuni, wanaotaka huyu ashike nafasi yako, kwamba wewe hutamfundisha mtu, kwa hiyo hatuna budi kubaki na wewe."

Kisha akanyoosha mkono apewe funguo, akampa Glenys.