Maswali ya Baba Saumu

Sheria ilimruhusu mtahiniwa wa kuingia chuo kikuu kuchagua sauti ya mtu wa kwao imsomee maswali ya mazoezi, hata kama mwenye sauti ameshakufa. Swali likijibiwa sawa halirudi tena. Yakiisha yote sauti inafutwa, ndipo mtu anaruhusiwa kufanya mtihani.

Saumu alichagua sauti ya marehemu baba yake. Mwaka wa tatu huu, wenzake wako chuoni, yeye bado anakosea.

“Ongeza sauti mwanangu, huku jikoni sisikii,” mama yake, Mwanaidi, alizoea kusema.

“Tulia, mama,” marehemu alimwambia binti yake kila alipokosea. “Turudie.”

Jana Mwanaidi alimsikia Saumu akimweleza rafiki yake kwa simu jibu la swali lile lile linalomshinda kila siku, bila hata kusita. Moyo ukamuuma.

Leo alikaa kwenye mbuzi, akaanza kukuna nazi.

“Saumu, jibu unavyojua. Yatosha.”

“Na wewe je?”

“Mimi napika.”

Saumu akayajibu yote yaliyobaki, moja baada ya jingine.

“Hongera, mama,” sauti ikasema. “Tumemaliza.”

Mwanaidi hakuinua kichwa. Aliendelea kukuna, na nazi ilikuwa imekwisha kitambo. Meno ya mbuzi yalikwaruza kifuu kitupu.